Subira kwa Choo, Haraka kwa Mkojo

Mhadhara kwa wavuvi na wafugaji wa Kilwa Masoko, umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa

Nilipomwambia mwenyekiti kwamba leo nitazungumzia choo cha paka, alinyamaza, akakuna kidevu, kisha akaniuliza kama sina mada nyingine ya akiba. Ninayo. Ninayo ya kichaa cha mbwa, na nimeitoa tangu enzi zile mikoa ya Lindi na Mtwara ilipoingizwa kwenye mradi wa kutokomeza ugonjwa huo kusini mashariki mwa nchi, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Watoto waliokuwa wakishika kamba za mbwa kwenye foleni ya chanjo sasa wana watoto wao. Hata bweha tulishawajadili, maana huku kwetu bweha naye anabeba kichaa, si mbwa peke yake. Mada hiyo mnaijua kuliko mimi.

Lakini simu zinazoniamsha usiku siku hizi si za mbwa. Ni za paka, na karibu zote zinaanza hivi: "Daktari, tangu umpasue hajaenda choo. Nimpe nini?"

Hilo swali la mwisho, nimpe nini, ndilo lililonileta hapa. Sisi watu wa pwani tuna haraka sana na tumbo. Mtoto akikaa siku mbili bila choo, bibi ameshachemsha sanamaki. Mtu mzima akivimbiwa, kuna mafuta ya nyonyo kwenye kabati, kuna chumvi ya haluli dukani. Tumekua tukiamini kwamba tumbo lililofunga lazima lifunguliwe, tena leo hii. Ya binadamu siyaingilii, yana wenyewe. Ila kwa paka aliyetoka kupasuliwa, nimeona haraka hiyo ikimmaliza mnyama ambaye kisu kilimwacha salama.

Nianze na Shombo. Hilo ni jina la paka, jike, kilo tatu kasoro kidogo, wa mwalimu mmoja mstaafu wa Kivinje. Jina alilipata dikoni alikokuwa akishinda, na huko huko dikoni ndiko alikomeza ndoana. Ilikuwa ndoana ndogo ya vibua, ikiwa bado na chambo, na nyuma yake mshipi wa urefu wa kama dhiraa. Mwalimu aliona ncha ya mshipi imening'inia pembeni mwa mdomo, akainama auvute. Mkewe akamshika mkono. Naomba mlibebe hili hata kama mtayasahau mengine yote: mshipi au uzi unaoning'inia mdomoni mwa paka, au unaotokeza nyuma, hauvutwi. Ndani kuna ndoana imeshika, na utumbo umejikunja juu ya ule uzi kama kitambaa kilichotiwa marinda. Ukiuvuta, unaukata utumbo kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa uzi.

Nilimpasua Jumatatu. Nilitoa ndoana tumboni, nikafungua utumbo mwembamba mahali pamoja ili kuutoa mshipi, nikashona. Jumanne jioni akarudi Kivinje amevaa kola niliyoikata kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Jumatano usiku simu ikalia.

Mwalimu alikuwa na mashauri matatu, yote kutoka kwa watu wanaompenda Shombo. Shemeji yake alitaka apewe mafuta ya nyonyo. Jirani alishaleta chumvi ya haluli kwenye kipande cha gazeti. Mjukuu, ambaye ndiye mwenye paka hasa, alitaka apewe nusu kidonge cha Panadol kwa sababu alimsikia akilia. Nikamwambia: mwalimu, usimpe chochote kati ya hivyo. Chukua daftari.

Akachukua daftari la zamani la mahudhurio. Badala ya majina ya wanafunzi akaandika siku, na juu yake safu nne: mkojo, choo, supu, kutapika. Nimelishika daftari hilo kwa mikono yangu. Jumatano: mkojo 2, choo 0, supu vijiko 4, kutapika 0. Alhamisi: mkojo 3, choo 0, supu vijiko 9, kutapika 0. Hizo sufuri mbili za choo ndizo zilizomkosesha mwalimu usingizi. Mimi nilikuwa nikisoma safu nyingine zote.

Tuhesabu pamoja. Shombo alikula mara ya mwisho Ijumaa, kabla ya ile ndoana. Jumamosi na Jumapili hakuweka kitu tumboni, kila alichokionja alikitapika. Jumatatu nikampa dawa ya usingizi. Jumanne alilamba supu. Sasa hiyo Jumatano mnataka atoe nini? Kinyesi ni mabaki ya chakula, na asiyekula hana mabaki. Hata paka aliyekuja kuondolewa kizazi tu, asiye na ndoana wala maafa, tunamwambia mwenyewe asimlishe usiku wa kuamkia siku ya kazi, ili asitapike akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Anafika mezani utumbo ukiwa umeshaanza kuwa mtupu. Kisha dawa ya usingizi inaulaza utumbo pamoja na mwenyewe, na utumbo unachelewa kuamka kuliko macho. Juu yake tunampa dawa ya maumivu, na zile kali za jamii ya afyuni, ndugu za mofini, zina tabia moja inayojulikana: zinatuliza maumivu na zinatuliza utumbo. Kwa hiyo siku mbili, tatu, hata nne bila choo baada ya kupasuliwa zinaweza kuwa hesabu ya kawaida kabisa, mradi paka anakula, anakojoa, hatapiki na amechangamka.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba kijana wake alipofanyiwa operesheni ya kidole tumbo, wauguzi walikuwa wakimuuliza kila asubuhi kama ameshajamba. Ndiyo. Walikuwa wanasubiri utumbo uamke. Paka huwezi kumuuliza hivyo, kwa hiyo tunamtazama.

Kuna sababu nyingine ya choo kuchelewa ambayo haimo vitabuni kwa herufi kubwa, lakini mimi nimeiona mara nyingi hapa Kilwa kuliko sehemu zote. Paka wetu si paka wa beseni. Amezoea kwenda nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa shamba la mihogo, akachimba, akafukia, akaondoka zake. Leo kapasuliwa, umemfungia chumbani ili asiruke ukuta nyuzi zikakatika, umemwekea beseni la mchanga wa pwani. Hautaki. Anabana. Akibana siku mbili, kinyesi kinakauka kikiwa ndani, na sasa kweli kimekuwa tatizo. Mchanga wenyewe unanata kwenye kidonda. Chukua magazeti, yachane vipande, weka kwenye beseni lenye ukingo mfupi ili asilazimike kuruka, kisha nyunyiza juu yake ukufi mmoja wa udongo kutoka pale pale alipozoea. Ataunusa, atajua ni kwake. Mwalimu wa Kivinje aliniona kama mganga nilipomwambia hivyo, lakini ile "mkojo 2" ya Jumatano ilipatikana dakika chache baada ya huo udongo kuwekwa.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, wa jangwani. Huko kisiwani Kupro wachimbuaji walikuta paka amezikwa kando ya mtu, na kaburi hilo lina miaka kama 9,500, kwa hiyo urafiki wetu nao ni wa zamani. Lakini urafiki huo haukuwabadilishia kiu yao. Babu yake hakuwa na kisima. Maji yake aliyapata ndani ya panya aliyemla, na figo zake zilijifunza kuubana mkojo mpaka tone la mwisho. Mjukuu amerithi figo hizo na amerithi kiu hiyo ndogo. Ndiyo maana paka anaweza kuwa ameishiwa maji mwilini na bado akalipita bakuli kama halioni.

Paka wa kilo tatu anahitaji kama mililita 150 za maji kwa siku, ukijumlisha ya kunywa na yaliyomo kwenye chakula. Hiyo ni nusu chupa ya soda ya mililita 300. Akila samaki mbichi au aliyechemshwa, robo tatu ya uzito wa samaki huyo ni maji, kwa hiyo anakunywa huku anakula. Akila dagaa wakavu, maji yote yalishabaki kwenye chanja. Sisemi dagaa ni sumu. Nasema paka anayeuguza kidonda huku akilishwa dagaa wakavu ni sawa na anayesafirishwa jangwani bila kiriba.

Na utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji. Kila kinachokaa humo kinakamuliwa. Kinyesi kikikaa siku moja ni laini, kikikaa siku nne ni kama kokwa la tende, kikikaa wiki ni jiwe. Tena mwili wenye kiu unakamua zaidi, kwa kuwa maji hayo unayahitaji kwa damu. Mkimlisha vichwa vya samaki na mifupa yake, ile mifupa iliyosagika inatoka nyeupe, ngumu, kama chokaa. Chokaa imeusimamisha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa karne nyingi, na kazi yake ibaki huko huko. Kwa paka mgonjwa, toeni miiba na mifupa yote.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko jikoni. Chemsha changu, tasi au kibua kwa maji matupu. Bila chumvi. Bila ndimu. Bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili vinaharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Chambua nyama, ipondeponde, rudisha ndani ya maji yake, umpe ikiwa na uvuguvugu kama wa mkono wako. Paka hula kwa pua, na samaki wa baridi hana harufu. Vijiko viwili vitatu, mara tano sita kwa siku, ni bora kuliko sahani moja kubwa. Bakuli la maji lisiwe karibu na beseni la haja. Hata wewe usingekubali kula chooni.

Watu wengi wamesikia habari za boga. Ni kweli, kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa, bila nazi wala sukari, kinaweza kumsaidia paka anayekula vizuri na kunywa vizuri. Lakini nyuzinyuzi za boga zinafanya kazi kwa kushika maji. Kama maji hayapo, umeongeza mzigo kwenye gari lililokwama. Na kwa paka aliyeshonwa utumbo kama Shombo, boga lisubiri mpaka daktari aseme. Maziwa pia yana sifa isiyo yake. Paka wengi wakubwa hawawezi kuisaga sukari ya maziwa, wanaharisha, na mnyama anayeharisha anapoteza maji yale yale tuliyokuwa tukiyatafuta.

Mtu akiniuliza kwa nini mwalimu mzima akeshe akihesabu vijiko vya supu kwa ajili ya paka, sina hotuba ndefu. Nyote mmesoma madrasa. Mnamjua sahaba aliyeitwa Abu Huraira, baba wa kipaka, na mnaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Paka wa dikoni anajilisha mwenyewe. Siku ulipomfungia chumbani kwa sababu ya nyuzi, umechukua jukumu la kila kinachoingia na kinachotoka. Hata serikali imeliandika, katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Turudi kwa wale washauri watatu wa Kivinje, kwa kuwa najua hapa ukumbini nao wapo.

Mafuta ya nyonyo yanauchokoza utumbo mpaka unajikunyata kwa nguvu. Kwenye utumbo wenye mshono wa siku mbili, hiyo ni kama kuivuta nguo kabla fundi hajakata uzi. Mshono wa utumbo una siku zake za hatari, ya tatu hadi ya tano, wakati uzi ndio unaoshika na nyama bado haijashikana sawasawa. Mshono ukifumuka, uchafu unamwagika tumboni, na hapo ni wachache wanaopona. Shombo siku hiyo alikuwa anaingia ya tatu.

Chumvi ya haluli inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye utumbo. Kwa mtu mwenye kilo sabini, ataharisha na kunywa maji. Kwa mnyama wa kilo tatu ambaye tayari ana kiu, unamkausha damu.

Panadol ni sumu kwa paka, na hapa sitaweka "labda" wala "pengine". Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha parasetamoli. Damu inageuka rangi ya kahawia, haibebi tena hewa, fizi zinakuwa za kijivu, uso na miguu vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Yule mjukuu alikuwa na nusu kidonge mkononi.

Niongeze mawili ambayo hayakutajwa Kivinje lakini nimeyakuta kwingine. La kwanza ni zile chupa ndogo za kusafishia tumbo zinazouzwa duka la dawa, zenye chumvi za fosfeti. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu. Kwa paka fosfeti inapanda kwenye damu, kalisi inashuka, anapata degedege na kufa ndani ya saa chache. Muuza dawa hatakuambia, kwa sababu hukumwambia mgonjwa ni paka. La pili ni kumkaba mdomo na kummiminia mafuta ya nazi, ya zeituni, samli au ile parafini ya hospitali. Mafuta yanateleza bila paka kuyahisi wala kukohoa, yanaingia mapafuni, na wiki moja baadaye unaniletea paka wa nimonia. Kama kilainishi kinahitajika kweli, ipo dawa ya maji inayoitwa laktulosi, ambayo paka wanaivumilia, lakini kipimo chake hutoka kwa daktari baada ya kumpima uzito na kuhakikisha ana maji mwilini, na hupimwa kwa bomba la sindano, si kwa kijiko cha kukadiria. Ikishindikana, sisi tunamwekea maji chini ya ngozi, na mara nyingine tunamsafisha polepole kwa maji ya vuguvugu akiwa ametulizwa. Polepole, nasema. Kazi hiyo ina watu wake waliosajiliwa na Baraza la Veterinari, na haifanywi ukumbini kwa mpira wa kumwagilia.

Sasa niwaambie kisa kingine, na hiki si cha sifa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimhasi dume la mvuvi mmoja wa hapa Masoko. Kazi ndogo, dakika chache, paka akaenda kwake akitembea. Siku mbili baadaye, baada ya magharibi, mvuvi akanipigia. "Tangu jana anachuchumaa kwenye mchanga, anajikamua, analia, hatoki kitu." Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka Nangurukuru kwa bodaboda, na moyoni nilikuwa nimeshajibu kabla hajamaliza. Nikasema ni choo, ni kawaida baada ya dawa ya usingizi, mpe supu, tuonane asubuhi.

Asubuhi alimleta amekufa, kwenye kapu, amefunikwa kanga. Nilimwomba ruhusa nimfungue nione. Utumbo mpana ulikuwa karibu mtupu, na kidogo kilichokuwemo kilikuwa laini. Kibofu kilikuwa kimejaa, kigumu, ukubwa wa chungwa, rangi ya zambarau. Hakuwa amefunga choo. Alikuwa amefunga mkojo.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana kuelekea mwisho. Chembe kama za mchanga zikichanganyika na ute zinauziba kama kizibo. Mkojo unarudi nyuma, figo zinasimama, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unasimama. Tangu kuziba mpaka kufa ni siku moja, mbili, tatu ukiwa na bahati. Na kwa macho, paka anayejikamua kutafuta mkojo na paka anayejikamua kutafuta choo wanafanana. Mimi mwenye kazi yangu niliwachanganya kwa simu. Mvuvi hakunilaumu. Alimchukua akaenda kumzika chini ya mkorosho, na sijawahi kumtoza tena kwa paka yeyote aliyeniletea.

Ndiyo maana safu ya kwanza ya daftari la mwalimu ilikuwa mkojo. Nilimfundisha hivyo kwa sababu ya lile dume. Kila asubuhi na jioni utikise yale magazeti au uchote mchanga kwa kijiko kikuukuu: umelowa au haujalowa? Umeganda bonge la ukubwa wa limau, au kuna vitone viwili vya damu tu? Usimbonyeze tumbo kutafuta kibofu. Kibofu kilichojaa kinapasuka. Tazama mchanga. Choo kinaweza kukusubiri mpaka kesho kuche. Mkojo hausubiri kupambazuke.

Wapo watakaouliza waende wapi, na swali hilo ni la haki katika mkoa huu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na kwa siku kadhaa hakikupita kitu, si mgonjwa, si dawa. Mtu wa Kisiwani yeye ana bahari mbele yake hata siku ya jua. Siwezi kuwaahidi hospitali ya paka kila kata. Ninachoweza kuwaambia ni mambo gani yanakupandisha chombo usiku na mambo gani yanaruhusu ulale. Kama paka ameanza kula vizuri na siku tatu zimepita bila choo, nipigie asubuhi tuzungumze. Kama anatapika, au hajagusa chakula siku nzima, au tumbo limevimba, au kidonda kinatoa maji yenye harufu, mlete siku hiyo hiyo. Paka mnene anayegoma kula siku mbili tatu asiachwe kwa kuwa ana akiba ya mafuta. Mafuta hayo yanakimbilia kwenye ini na kuliziba, na utaona fizi na masikio yanageuka manjano. Na yule aliyewahi kugongwa na pikipiki akavunjika nyonga, hata kama alipona zamani, mwenyewe aniambie mapema, maana mfupa ulioungana vibaya unaibana njia ya choo, na huyo hatatibiwa kwa supu.

Shombo alifika Ijumaa bila choo na bila kutapika. Mwalimu aliniambia alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani baada ya swala ya alfajiri, mlango wa chumba wazi kidogo, akasikia magazeti yakichakurwa. Hakuingia. Alisubiri mpaka paka atoke mwenyewe, kola imemwinamia upande mmoja kama kofia ya mlevi. Kisha akaenda kutazama na tochi ya simu: vipande viwili vidogo, vigumu, vyeusi, na cha tatu laini. Akanitumia picha, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Sijawahi kufurahia picha ya namna ile. Daftarini aliandika: mkojo 1, choo 1, na pembeni, kwa wino mwekundu wa kusahihishia, akaweka alama ya vema.

Nawaomba mambo mawili tu kabla ya maswali. Paka wasiletwe kwenye mifuko ya rambo. Waleteni kwenye kapu lenye kifuniko, na kitambaa cha nyumbani ndani yake. Na namba yangu imebandikwa mlangoni pa ofisi. Kwa habari ya choo, nipigieni asubuhi. Lakini dume anayechuchumaa na mchanga haulowi, nipigieni saa yoyote, hata saa nane usiku, na nikijibu kama mtu aliyelala, msikubali jibu langu la kwanza.